Tope la Malaba Linalipiwa na Nani?

Mvua kubwa ikinyesha Mlima Elgon, mto Malaba huwa mwekundu kabla haujafika mjini Malaba. Wekundu huo ni udongo wa mashamba ya miteremkoni, upande wa Bungoma na upande wa Uganda. Mto huupitisha karibu na Angurai, katika kaunti ya Busia nchini Kenya, huingia Uganda, hujiunga na mto Mpologoma na kuishia Ziwa Kyoga. Aliyeko mlimani amepoteza rutuba, aliye bondeni anachota maji machafu, na mwaka wa mvua nyingi mteremko wenyewe huporomoka, kama ulivyofanya Bududa mnamo Machi 2010, ukazika mamia ya watu.

Anayetafuta fedha za kushughulikia hayo yote hukuta kila kipande kina mlango wake. Misitu ina wafadhili wake, maji yana wake, kilimo vivyo hivyo, na hewa ya ukaa ndiyo yenye wafadhili wapya kuliko wote. Kila mfadhili huja na kipimo chake, na kipimo ndicho kinachoamua kitakachofanyika shambani.

Elgon ililionja jambo hilo mapema. Mwaka 1994 wakfu wa FACE, ulioasisiwa na wazalishaji wa umeme wa Uholanzi, ulianza kugharimia upandaji wa miti katika hifadhi ya taifa ya mlima huo, upande wa Uganda. Kipimo kilikuwa ukaa utakaofyonzwa. Lakini ndani ya mipaka ya hifadhi kulikuwa na watu waliodai ardhi ni yao. Walifukuzwa, kesi zikaenda mahakamani, na baadaye sehemu ya miti ikafyekwa, mahindi na maharagwe yakarudi. Mti ulihesabiwa. Shamba lililokuwa chini yake halikuhesabiwa.

Ziwa Victoria nalo lina somo lake. Kuanzia 1997 hadi 2005, Benki ya Dunia na Mfuko wa Mazingira Duniani, GEF, waligharimia mradi wa Kenya, Uganda na Tanzania uliokusanya samaki, magugu maji, ardhi oevu na misitu katika jalada moja. Wadudu walioachiliwa kula magugu maji walifanya kazi nzuri, hali ya hewa ikawasaidia, na Ghuba ya Winam ikapumua. Kufikia 2007 magugu yalikuwa yamerejea, kwa kuwa mbolea na udongo unaoyalisha haukuacha kutoka mashambani. Mradi ulikuwa mmoja kwenye karatasi. Kazini kila idara ilishika sehemu yake.

GEF, iliyoanzishwa 1991, imejaribu kujirekebisha. Mwaka 2014 ilifungua programu tatu za majaribio zinazounganisha masuala, mojawapo ikiwa ya chakula barani Afrika, na katika mzunguko wa ufadhili ulioanza 2022, wenye ahadi za dola bilioni 5.33, programu za namna hiyo zimefika 11. Naona mwelekeo ni sahihi, ila nina shaka moja: programu pana huwa rahisi kuisifu na ngumu kuikagua. Inayogusa kila kitu inaweza kumaliza fedha zake katika warsha bila mtu kuulizwa tope limepungua kiasi gani.

Tena kuna suala la mipaka, na hapa Angurai iko mahali pagumu. Mto Sio, ulio jirani, humwaga maji yake Ziwa Victoria. Malaba na Malakisi huishia Kyoga. Kwa hiyo fedha za Ziwa Victoria zina sababu nzuri ya kukomea kwenye tuta la ardhi linalotenganisha mito hiyo, ingawa wakulima wa pande zote mbili za tuta wana shida ileile. Forodhani Malaba lori hukaguliwa mara moja, maofisa wa Kenya na Uganda wakiwa chini ya paa moja. Mto ungefaidika na utaratibu kama huo.

Jaribio lililo karibu zaidi ni Angololo. Chini ya Mpango wa Bonde la Nile, Kenya na Uganda zinaandaa bwawa la kazi nyingi kwenye mto Malaba, mpakani: maji ya nyumbani, umwagiliaji, umeme kidogo, na hifadhi ya vyanzo. Upembuzi ulilipiwa na mfuko wa maandalizi ya miundombinu unaosimamiwa na Benki ya Maendeleo ya Afrika. Mimi ningeanza kuusoma mradi huo kutoka mwisho, kwenye hifadhi ya vyanzo, maana bwawa lililo chini ya miteremko inayolimwa hujaa tope.

Bonde la Tana, nchini Kenya, limekwisha kuonyesha hesabu ya hifadhi kama hiyo. Mfuko wa Maji wa Tana ya Juu na Nairobi, uliozinduliwa 2015 na kupata fedha za GEF, huwasaidia wakulima wa maeneo kama Murang'a kuchimba matuta ya fanya juu na kupanda mabingobingo, na miongoni mwa wachangiaji wamo watumiaji wa maji na umeme walioko chini. Makadirio ya waanzilishi yalikuwa kwamba dola milioni 10 zitakazotumika mlimani zingerudisha milioni 21.5 katika miaka 30, kwa tope kupungua na mavuno kuongezeka. Mkulima hahitaji kujua neno lolote la tabianchi. Anapata majani ya ng'ombe, na bwawa linapata uhai.

Kule Tana, hata hivyo, mlipaji na mlipwaji wako nchi moja. Tangu 2021 Kenya ina mpango wa FLLoCA, unaopeleka fedha za tabianchi katika kaunti zote 47 na kuzipa kamati za wadi nafasi ya kuchagua miradi, na huo ni mlango ambao wakazi wa Angurai wanaweza kuugonga wenyewe. Lakini fedha za Busia hazikutengwa kuchimba tuta Bungoma, sembuse Uganda, na tope linaanzia huko. Kwa Angololo basi, gharama ya matuta ingepaswa kuingia kwenye bei ya maji na umeme wa bwawa tangu mkataba wa ujenzi, pamoja na chombo cha nchi mbili chenye ruhusa ya kumlipa mkulima yeyote aliye juu ya mto, awe na kitambulisho cha Kenya au cha Uganda.