Makaburi ya Kale ya Uskoti (2): Kanisa Lisilo na Paa la Kildalton

Juma lililopita tulieleza jinsi mtawa Columba alivyovuka bahari kutoka Ireland mwaka 563 na kuanzisha monasteri katika kisiwa kidogo cha Iona, magharibi mwa Uskoti. Leo tushuke kusini hadi kisiwa cha Islay, ambako athari ya mafundi wa Iona ingali imesimama wima katika makaburi ya Kildalton.

Barabara nyembamba itokayo Port Ellen hupita kando ya viwanda vya wiski, kisha huingia malishoni. Huko Kildalton hakuna kijiji. Kuna ukuta wa mawe, nyasi, makaburi, kanisa lililobaki kuta tupu, na msalaba wa jiwe unaomzidi mtu mrefu kimo.

Msalaba huo ulichongwa katika nusu ya pili ya karne ya 8 kutoka bonge moja la jiwe gumu la kisiwani humo. Upande mmoja una Bikira Maria na Mtoto, na malaika wakiwa kando yao. Kwenye mikono yake Kaini anamuua Abeli, na Abrahamu yu tayari kumtoa Isaka sadaka. Waumini wengi wa zama zile hawakujua kusoma, na picha kama hizi ziliwasaidia makasisi kuwafundisha Maandiko.

Umbo lake pia lina kisa. Mikono ya msalaba imeunganishwa na kiwiliwili kwa duara, na watu wengi hulidhani kuwa pambo tu. Jiwe huvumilia sana kukandamizwa, lakini likining'inizwa bila mhimili huvunjika upesi. Kule Iona mafundi walichonga msalaba wa Mtakatifu Yohana wenye mikono iliyotanuka zaidi ya mita 2, nao ukawaelemea. Wataalamu wengi wanaamini kwamba duara lilibuniwa hapo, ili kuishikilia mikono hiyo. Hata hivyo msalaba ule uliendelea kusumbua: uliangushwa na upepo mwaka 1951 na tena mwaka 1957, na leo mahali pake pamesimamishwa nakala ya zege. Fundi wa Kildalton alichonga duara na msalaba kwa pamoja, bila kiungo hata kimoja. Kwa ustadi wa kujenga, nauweka huu juu ya ule wa Iona, ingawa Iona ndiyo yenye sifa duniani.

Maharamia wa Skandinavia walianza kuishambulia Iona mwaka 795, na baadaye wazao wao wakahamia Islay na kuyapa majina mashamba mengi ya kisiwa. Msalaba ukabaki.

Kanisa ni la baadaye sana, la mwisho wa karne ya 12 au mwanzo wa karne ya 13. Ni jengo refu, jembamba, la mawe na chokaa, lenye madirisha mawili membamba upande wa mashariki, ilipokuwa altare. Ndani na nje yake yamelala mawe bapa ya makaburi, yaliyochongwa wakati wakuu walioitwa Mabwana wa Visiwa walipotawala eneo hili kutoka Finlaggan, humohumo Islay, hadi mfalme wa Uskoti alipowanyang'anya cheo mwaka 1493. Juu ya mawe ya namna hii utaona upanga, majani yaliyosukwa, au shujaa mwenye joho la vita lililoshonwa mistari. Mengi hayana jina. Waliowazika waliwajua, na hilo liliwatosha.

Mwaka 1560 Bunge la Uskoti lilikataa mamlaka ya Papa. Kanisa la Kiprotestanti lililozaliwa hapo ndilo ambalo baadaye lilituma wamisionari Kikuyu, nchini Kenya, na Kanisa la Presbyterian la Afrika Mashariki (PCEA) ni tunda lake. Huko Uskoti kwenyewe, makanisa mengi madogo ya vijijini yaliachwa baada ya mageuzi hayo. Paa la mbao likioza, mvua huingia kwenye vichwa vya kuta, chokaa hulainika, na mawe huanza kuporomoka.

Lakini maziko hayakukoma. Watu walitaka kulazwa karibu na wazazi wao, hata pale ambapo ibada ilihamia jengo jingine. Kwa maoni yangu, hayo ndiyo yaliyoyaokoa mawe ya Kildalton, kabla serikali haijafikiria kuyatunza. Gofu lisilo na wafu ni chimbo la mawe kwa yeyote anayejenga zizi la kondoo. Mahali alipolala bibi yako, mkono husita.

Ndugu msomaji uliyeko Glasgow au Edinburgh, mahali hapa pako wazi na hapana kiingilio. Meli huondoka Kennacraig kwenda Islay. Ukifika, usikanyage mawe yaliyochongwa, wala usikwangue vijimimea vilivyoota juu yake ili upate picha nzuri: kila mkwaruzo huondoka na sehemu ya mchoro, na fundi wa kuurudisha hayupo.