Nyumba Hufuata Maisha: Somo Kutoka Dodoma

Kamati nyingi za ujenzi huanza kwa kuuliza bei ya mabati na saruji. Swali la kwanza lingekuwa: watakaotumia jengo hili wanaishije? Historia ya nyumba za Dodoma inatupa sababu.

Tembe
Zamani Wagogo walijenga tembe, nyumba ndefu ya miti na udongo yenye paa bapa la udongo, iliyozunguka ua. Usiku mifugo ililala uani. Kila mke alikuwa na sehemu yake, na familia ilipokua vyumba viliongezwa. Udongo ulipunguza joto la mchana. Tembe lilitokana na ufugaji, familia kubwa na nchi yenye mvua chache.

Vijiji
Mwaka 1971 ilianza Operesheni Dodoma, na wananchi wakahamishiwa katika vijiji vya ujamaa. Wengine hawakuhama kwa hiari. Nyumba zilipangwa kwa mistari ili shule, zahanati na maji viwe karibu. Katika viwanja hivyo, tembe lenye mifugo ndani halikupata nafasi kirahisi. Nyumba ndogo ya pembe nne ikashika mahali pake, na zizi likatengwa.

Mabati
Aliyepata fedha aliezeka kwa bati, na bati likawa alama ya maendeleo. Lina faida ya kweli: paa la mita za mraba 100 likipata mvua ya milimita 10 linaweza kukinga hadi lita 1,000 za maji. Hata hivyo, bila dari chumba huwaka joto mchana. Aidha, matofali ya kuchoma hula kuni nyingi.

Makao makuu
Uamuzi wa kuhamishia makao makuu ya nchi Dodoma ulifanyika mwaka 1973, lakini uhamisho wa Serikali ulishika kasi kuanzia mwaka 2016. Mahitaji ya nyumba yalipoongezeka, wenye viwanja walipata sababu ya kujenga vyumba vya kupangisha na fremu za maduka. Nyumba ambayo zamani ilitunza ng'ombe sasa inaweza kutunza wapangaji.

Tufanye nini?
Kabla ya kumwita fundi, kamati ijiulize:
1. Nani atatumia jengo, na kwa saa zipi?
2. Je, ukumbi wa ibada unaweza kuwa darasa siku za kazi?
3. Maji ya paa yataingia wapi?
4. Tukiongezeka, tutapanua upande gani bila kubomoa?

Ndugu wafadhili, dari, tangi na madirisha mapana yakionekana katika bajeti, tusiyahesabu kuwa anasa. Jengo lisilowafaa watu hufungwa kwa kufuli, na fedha za sadaka hubaki ndani yake.