PUDINI YA CHIA NA MACHUNGWA

Mkulima wa chia, zao lako si la kuuza tu; ni chakula pia. Wako wakulima wauzao mbegu zote hadi punje ya mwisho, na huku watoto wao wanakunywa uji mtupu. Yafaa kila mavuno uweke kilo chache kwa ajili ya nyumba yako.

Asili ya chia ni Meksiko na Guatemala. Siku hizi hulimwa pia Uganda, Kenya na mkoani Kagera. Mbegu yake ni ndogo, urefu wake hupata milimita 2 tu. Lakini katika gramu 100 za chia mna protini gramu 17 hivi, mafuta mazuri gramu 30 hivi, na kalisi nyingi iimarishayo mifupa.

Usafi huanza shambani

Mchele huoshwa kabla ya kupikwa. Chia haioshwi. Ikiguswa na maji hutoa ute, na mchanga uliomo hunaswa humo humo. Basi mchanga usioondolewa shambani utautafuna mezani, na mnunuzi naye atauona.

Kausha masuke juu ya turubai, wala si juu ya udongo. Pura juu ya turubai hilo hilo, kisha pepeta na kuchekecha kwa chekecheo la matundu madogo. Mwisho tandaza mbegu kidogo katika sahani nyeupe utazame. Ukiona mchanga au vijiti, pepeta tena.

Vitu vinavyotakiwa (watu 4)

Chia safi, nusu kikombe.
Maziwa yaliyochemshwa yakapoa, au tui la nazi, kikombe 1 na nusu.
Machungwa 3 yaliyoiva.
Asali au sukari, vijiko 2 vya chakula.

Usichague machungwa kwa rangi. Katika nchi zenye joto, kama huko Muheza, chungwa huweza kuiva na ganda lake likabaki kijani. Chagua lililo zito mkononi.

Jinsi ya kufanya

1. Tia maziwa na asali katika bakuli safi, ukoroge.
2. Nyunyiza chia kidogo kidogo huku ukikoroga.
3. Ngoja dakika 10, ukoroge tena. Usipofanya hivi mbegu zitashikana mabonge, na katikati zitabaki kavu.
4. Funika bakuli, uliweke ndani ya beseni la maji baridi kwa saa 1 au 2, mpaka chia iwe nzito kama uji mzito.
5. Kamua machungwa 2, uchanganye maji yake na pudini. Menya la 3, toa kokwa, ukate vipande uweke juu.

Maji ya machungwa hutiwa mwisho kwa sababu ukali wake huweza kuyakatisha maziwa. Tena hayapikwi, maana moto hupunguza vitamini C. Vitamini hiyo husaidia mwili kupata madini ya chuma yaliyomo katika chia.

Hadhari

Usile chia kavu kwa kijiko kisha ukanywa maji. Mbegu hunyonya maji mara 10 hivi ya uzito wake, na huweza kuvimba na kuziba koo. Watoto na wazee wapewe iliyokwisha kulowa vizuri tu.

Usile kamwe mbegu za kupanda zilizotiwa dawa. Ziweke mbali na mbegu za chakula.

Mtoto asiyetimiza mwaka 1 asipewe asali.

Kama huna friji, fanya pudini ya kutosha mlo mmoja, na iliwe siku hiyo hiyo. Usiilaze.

Kumbuka: chia iliyo safi kwa kuuzwa ndiyo iliyo safi kwa kuliwa. Anza na bakuli la watoto wako.