Mwalimu Amfuate Mtoto

Msafiri apandaye milima ya Usambara kutoka Mombo hufika kwanza Lushoto mjini, na akizidi kupanda hufika Magamba, penye msitu, ukungu na mashamba ya viazi na kabichi kwenye miteremko. Kwetu sisi tuliozoea minazi na upepo wa bahari, hiyo ni nchi nyingine kabisa. Hata hivyo, leo twawaomba wasomaji wetu wa visiwani, na hasa wakuu wanaosimamia elimu, waelekeze macho yao huko, kwani Magamba ina jambo la kutufunza sote.

Mwaka 2007 Dayosisi ya Kaskazini Mashariki ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri ilifungua Magamba chuo kikuu kishiriki kilichopewa jina la marehemu Askofu Sebastian Kolowa. Fani iliyokipa sifa ilikuwa elimu maalumu, yaani kuwaandaa walimu wa watoto wenye ulemavu. Mbegu hiyo haikuanguka penye ardhi kavu: karibu na Lushoto, huko Irente, shule ya watoto wasioona ilikuwapo tangu miaka ya 1960.

Mwalimu wa elimu maalumu hujifunza mapema jambo ambalo wengi wetu hatukufunzwa, nalo ni kwamba mtoto haburutwi. Asiyeona ataijua hesabu kwa vidole vyake, wala si kwa ubao. Mwenye ulemavu wa akili atakwenda kwa mwendo wake, wala kengele ya shule haitamwongezea kasi. Mwalimu hana budi kumtazama kwanza, kujua anachoweza na kinachomvuta, kisha kumfuata. Hapo mtoto ndiye aongozaye somo. Je, mtoto asiye na ulemavu hastahili heshima hiyo hiyo?

Swali hili si geni duniani. Maria Montessori, daktari wa Kiitaliano, alianza kwa kuwafundisha watoto wenye ulemavu wa akili. Alipoona jinsi walivyoendelea, alijiuliza ni kitu gani kinachowazuia watoto wengine. Mwaka 1907 akafungua nyumba ya watoto katika mtaa wa maskini mjini Roma. Humo kila mtoto alichagua kazi yake miongoni mwa vifaa vya kushikika, naye mwalimu alikaa kando akitazama na kusaidia.

Wala si geni kwetu. Katika miaka ya 1980 mpango wa shule za awali za madrasa ulianza Mombasa, Bi Swafiya Said akiwa mstari wa mbele, kwa msaada wa Shirika la Aga Khan. Mwaka 1990 mpango huo ukafika Zanzibar. Walimu walitoka katika jamii zenyewe; vifaa vilikuwa vifuu, mbegu, makombe na vitu vingine visivyo na gharama; mtoto alichagua mahali pa kuanzia, na mafunzo ya dini yalikwenda sambamba. Basi mzee wa kisiwani asituambie kwamba jambo hili ni la Wazungu. Lilikwisha kuketi kwenye mkeka wetu.

Tukumbuke pia mwaka 1967. Katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere alitaka wanafunzi washiriki katika kuamua mambo ya shamba na kazi za shule yao, wasiwe watu wa kuamriwa tu. Huko huko mkoani Tanga, mwanzoni mwa miaka ya 1970, shule ya Kwamsisi ilijaribiwa kuwa shule ya jamii, masomo yakitokana na maisha ya kijiji. Jaribio kama hilo lina somo moja kubwa: mzazi hataridhika na shule nzuri ya kijiji ikiwa mtihani wa taifa unapima kitu kingine.

Hatuyafumbii macho matatizo. Kiwango kilichowekwa cha wanafunzi 45 kwa mwalimu mmoja wa shule ya msingi kimepitwa katika madarasa mengi. Mwalimu mwenye watoto 90 hawezi kumfuata kila mmoja. Wazazi nao huogopa kwamba mtoto atacheza mwaka mzima. Lakini tuwaulize: yule akaaye nyuma, ambaye nyumbani husema Kishambaa au Kimbugu, anaitikia kwa pamoja na wenzake asilolielewa, hata siku moja asirudi tena shuleni, huyo amefundishwa?

Mitaala mipya iliyoanza kutumika Tanzania Bara mwezi Januari 2024 yasisitiza umahiri badala ya kukariri. Hilo ni jema, lakini karatasi haifundishi. Twapendekeza mambo matatu. Kwanza, katika madarasa ya chini itengwe saa moja kila siku ambapo mtoto atachagua kazi yake, akiwa na vifaa vilivyotengenezwa na walimu na wazazi. Pili, kila mwalimu tarajali apate mafunzo ya elimu maalumu, kwani anayemudu kumfundisha asiyeona atammudu pia mwenye haya. Tatu, mkaguzi aingiapo darasani asiulize tu mada imefika wapi, bali aulize watoto wameuliza maswali gani. Na fimbo iwekwe kando, maana penye fimbo mtoto haulizi.

Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi, na wengi wameigeuza methali hiyo kuwa hoja ya kiboko. Sisi twaiona vingine. Ubichi wa mtoto ni udadisi wake. Shule inayomkausha katika darasa la kwanza, itapata wapi cha kukunja katika darasa la saba?