Redio Kaseti ya Marehemu Kaka

Baridi ya asubuhi hapa Eldoret haimpi mtu wa Mombasa hamu ya kutoka. Basi nikatandika gazeti mezani, nikaifungua redio kaseti ya spika mbili aliyoniachia marehemu kaka yangu, Mungu amrehemu.

Ule mpira unaozungusha kanda ulikuwa umeyeyuka, umekuwa lami. Niliufuta kwa spiriti na pamba. Vidole vikabaki vyeusi hata adhuhuri. Nikatia mpira mpya, na kichwa cha kusomea kanda nikakisugua polepole. Kisha nikaweka kanda ya Juma Bhalo. Lo! Sauti ya bingwa yule wa Malindi, aliyetutoka mwaka 2014, ikaja nzito kama ya mtu anayeweweseka usingizini. Nyuma ya mota mna kitundu, na ndani yake skrubu ndogo ya kurekebisha kasi. Nikaizungusha kwa bisibisi, kidogo kidogo, mpaka Bhalo akawa Bhalo.

Rangi ndiyo iliyonitia mashakani. Ubavuni kaka alikwangua jina lake kwa msumari, kwa herufi za Kiarabu, kama tulivyofunzwa chuoni.

"Bwana, paka yote ipendeze," akasema mke wangu.

Nikapiga msasa, nikafunika spika kwa karatasi, nikangoja jua la saa sita, maana kwenye unyevu wa huku rangi hukawia kukauka. Nikapuliza rangi ya fedha, tabaka mbili nyembamba. Ubavu ule nilikuwa nimeubandika utepe. Umebaki na rangi yake ya zamani, iliyochubuka.

Mke wangu hajasema neno.