Choo cha Wengi: Afya na Ujirani katika Miji Midogo ya Karagwe na Kyerwa

Katika vijiji vya Karagwe na Kyerwa, choo kina mwenyewe. Hujengwa nyuma ya nyumba, kando ya migomba, na familia inayokitumia ndiyo inayokifagia. Mjini mambo hubadilika. Katika miji midogo kama Kayanga, Omurushaka na Nkwenda, choo kimoja cha vyumba vya kupanga huweza kuhudumia kaya kadhaa. Wote hukitumia, lakini zamu ya kukisafisha haijulikani ni ya nani.

Madhara yake huonekana zahanati. Choo kinapochafuka, watoto hujisaidia uani, wanawake husubiri giza liingie, na mgonjwa wa kuhara hukosa pa kujisitiri. Mayai ya askaris, yaani minyoo mikubwa ya mviringo, huweza kudumu udongoni kwa miezi mingi, hata miaka. Mtoto aliyepewa dawa leo huambukizwa tena kesho katika ua uleule.

Ufundi wa kujenga vyoo bora upo. Wilayani Karagwe, shirika la MAVUNO na watafiti kutoka Berlin walijaribu vyoo vinavyotenganisha mkojo na kinyesi. Kinyesi kilipashwa moto katika tanuri ili kuua vimelea, kisha kikachanganywa na mkaa na mabaki ya mimea kuwa mboji. Mahindi yaliyowekewa mboji hiyo yalizaa zaidi ya yale yasiyowekewa kitu. Hata hivyo, choo cha namna hiyo hakijiendeshi. Lazima ijulikane ni nani atakayeondoa ndoo, na lini.

Kwa hiyo mhudumu wa afya anapomuuliza mgonjwa wa kuhara alikula nini, inafaa amuulize pia: choo mnatumia kaya ngapi, na nani hukisafisha? Jibu la swali hilo huonyesha pa kuanzia. Wapangaji waandike zamu mlangoni na kutundika kibuyu chirizi chenye maji na sabuni. Mwenye nyumba aongeze tundu kabla ya kuongeza chumba. Mwenyekiti wa kitongoji awe shahidi wa makubaliano hayo.

Kyerwa ilimegwa kutoka Karagwe na kuwa wilaya mwaka 2012, na miji yake ingali michanga. Makubaliano ni rahisi kuwekwa sasa, majirani wangali wanajuana kwa majina.