Tiba ya Viungo Baada ya Uvimbe wa Kombe la Bega

Mwanafunzi akiweka kiganja juu ya kombe la bega la mwenzake, kisha mwenzake huyo akainua mkono polepole kupitia ubavuni hadi juu ya kichwa, atahisi mfupa huo ukiteleza juu ya mbavu na kuzunguka. Katika nyuzi 180 za mwinuo huo, takriban 120 hutokana na kiungo cha bega chenyewe, na 60 zilizobaki hutokana na mwendo wa kombe. Kombe halikuungana na mbavu kwa kiungo chochote; limeshikwa hapo na misuli tu.

Mwendo huo huharibika pale osteokondroma inapoota upande wa ndani wa kombe. Huu ni uvimbe wa mfupa wenye kofia ya gegedu. Si saratani; huanza utotoni na kwa kawaida hukoma kukua mifupa inapokomaa. (Unaoendelea kukua kwa mtu mzima hauna budi kuchunguzwa na daktari, kwani mara chache hugeuka kuwa saratani.) Usipoleta udhia huachwa na kuangaliwa tu. Lakini uliokaa baina ya kombe na mbavu huweza kukwaruza, kutoa mlio mkono unapoinuliwa, na kulisukuma kombe nyuma likabenuka mgongoni. Hapo huondolewa kwa upasuaji.

Mgonjwa hudhani kazi imekwisha. Sivyo. Kwa miezi, pengine miaka, misuli ilizoea kulikwepa donge lile: iliyo juu ya bega hulivuta kombe kuelekea sikioni, na ule wenye meno kama ya msumeno, ulioshika mbavu nane au tisa za juu na kulibana kombe kifuani, umelegea. Uvimbe umeondoka, mazoea yamebaki.

Mtaalamu wa tiba ya viungo huanza kwa kiasi. Mkono hutundikwa kwa kitambaa muda aliouagiza mpasuaji, huku vidole na kiwiko vikichezeshwa visikakamae. Kisha mgonjwa huinama na kuuacha mkono uyumbe kama timazi. Baadaye hutambaza vidole ukutani kwenda juu, na hujifunza kurudisha kombe nyuma na chini. Misuli iliyokatwa ikisha kushika, husukuma ukuta kwa viganja viwili. Zoezi hili, ingawa laonekana kama mchezo, huulazimisha ule musuli wa msumeno kufanya kazi yake.

Kipimo ni kile kile cha kiganja mgongoni. Kombe lililopasuliwa likienda sambamba na la upande wa pili, bila bega kutangulia kupanda, mgonjwa huanza kurudishiwa kazi nzito kidogo kidogo.